Mkeka wa Mama na Kijibwa Kisicho na Kosa

Maneno niliyoyasema kwenye mkutano wa wakazi, Chumbageni, Tanga. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka, isipokuwa vicheko.

Mwenyekiti wetu wa mtaa, wazee mliokaa mbele, akina mama, na nyinyi vijana mlioegemea baiskeli huko nyuma mkijifanya mnapita tu: Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wetu, shikamooni.

Nimeombwa niseme juu ya mbwa. Kazi ya mifugo nimeifanya hadi nikastaafu, na Mwenyekiti anasema malalamiko yanayofika mezani kwake siku hizi si ya mbwa kuuma. Ni ya mavi. Mnisamehe wazee wangu, nimelitaja jina lake mara moja ili tuelewane. Kuanzia hapa nitasema haja. Watu wamechoka na wezi wa kuruka ukuta, kila mtu amekwenda kutafuta mtoto wa mbwa, na akishamleta nyumbani hajui amfanye nini. Anamfunga kamba kwenye mpapai, basi.

Naona kijana mmoja pale chini ya mwembe amekuja na wake ndani ya boksi la sabuni. Amelala? Mwache alale, mwanangu. Usimwamshe. Atanisaidia kazi baadaye.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mbwa wangu wa kwanza nilipewa nikiwa bado mgeni kazini. Cheti nilikuwa nacho, kuchanja ng'ombe najua, kupe na minyoo najua. Kulea mtoto wa mbwa ndani ya nyumba hakuna aliyenifundisha. Nikamwita Kashata kwa rangi yake. Wiki ya kwanza akakojoa kila mahali. Nami nikafanya nilivyoona watu wakifanya: nikamkamata shingo, nikamsugua pua kwenye mkojo wake, nikamtandika kandambili. Siku ya tano sakafu ikawa kavu. Nikajisifu kazini, jamani, mbwa wangu ameshaelewa.

Wiki ya tatu mama yangu akaja kutoka Pangani. Mama alikuwa na mkeka wake wa ukindu wa kusalia, aliousuka mwenyewe, hasafiri bila huo. Alasiri akautandika chumbani, akaanza sala. Mimi niko mlangoni namsubiri nimpe chai. Aliposujudu nikaona mgongo wake umetulia kidogo kuliko kawaida. Akamaliza sala yake, maana mama hakati sala, akatoa salamu kulia na kushoto, kisha akainua shuka la kitanda. Uvunguni kulikuwa na haja za wiki mbili. Nyingine zimekauka kama makaa, nyingine za asubuhi ile, na mkojo umetambaa sakafuni hadi kwenye ukingo wa mkeka.

Hakuniambia neno. Akautoa mkeka uani, akaomba ndoo. Sisi tuliolelewa katika madhehebu ya Shafi tunajua najisi ya mbwa inavyoondolewa: maji mara saba, mojawapo yakiwa na udongo. Mama akahesabu kwa sauti. Moja, ya udongo, akiusugua kwa kiganja kufuata msuko. Mbili. Tatu. Majirani wakaanza kutoka vibarazani. Ilipofika tano watoto wa uchochoro mzima wanahesabu naye, na saba wakaipigia makofi. Akauanika, akajifuta mikono, ndipo akanigeukia.

"Umemfundisha kuficha."

Basi hotuba yangu yote iko ndani ya maneno mawili hayo, na asiye na nafasi anaweza kuondoka sasa.

Tazameni Kashata alichokiona. Yeye hakuona sheria ya kwamba ndani hapakojolewi. Aliona kwamba mkojo ukiwapo, na mimi nikiwapo, kinakuja kipigo. Kwa akili yake dawa ni rahisi: mkojo uwe mahali ambapo mimi sipo. Uvunguni. Nyuma ya kabati. Na mbwa wa namna hii, hata ukimtoa nje ukasimama naye nusu saa, hakojoi mbele yako ng'o. Anakuogopa. Anabana, anabana, mkirudi ndani anateremsha mzigo uvunguni. Mwenyewe unasema, "Huyu ana kiburi, ametoka nje hakufanya, amekuja kufanya ndani makusudi!" Kiburi umekitengeneza wewe kwa kandambili.

Mtaniambia: mbona nikimwonyesha alichofanya anainamisha kichwa, anakunja mkia, macho yanajua kosa? Mwaka 2009 mtafiti mmoja wa Marekani, Alexandra Horowitz, alilipima jambo hilo. Mwenye mbwa anatoka chumbani, akirudi anaambiwa mbwa amekula alichokatazwa, wakati pengine hajala kitu. Ikaonekana sura ile ya kukiri haifuati kosa, inafuata karipio. Mbwa asiye na kosa akikaripiwa alinyong'onyea hata kuliko mwenye kosa. Anasoma uso wako na sauti yako. Mkojo wa saa mbili zilizopita haumo kabisa kichwani mwake.

Na ile methali msinitolee, naiona iko midomoni mwenu. Samaki mkunje angali mbichi. Naam, mkunje. Haikusema mchape.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa mama wa mbwa mwenyewe, maana kazi hii anaianza yeye. Mtoto akizaliwa hawezi hata kukojoa peke yake. Mama humlamba tumboni na chini ya mkia ndipo kitoke, na mama hukisafisha chote, kitanda kinabaki kikavu. Kuanzia wiki ya tatu hivi vitoto huanza kujikokota, na utaona vinasogea pembeni mwa malazi kwenda haja. Hakuna aliyevichapa. Ni tabia ya mnyama wa pangoni, hapendi kulala palipolowa. Kwa hiyo mtoto wa mbwa anakuja kwako nusu ya somo anayo tayari, iwapo umemwacha kwa mama yake hadi wiki ya nane. Hawa tunaouziwa barabarani wa wiki nne, wameng'olewa kabla somo halijaisha, na wengi wamekaa kwenye kiboksi kidogo juu ya uchafu wao wakauzoea. Hao wanafundishika, ila mtatoka jasho.

Jambo jingine ni nyayo. Kufikia wiki ya nane au tisa mtoto huwa ameanza kuchagua anapenda kusimama juu ya nini wakati wa haja. Aliyekulia kwenye saruji atatafuta saruji, aliyekulia mchangani atatafuta mchanga. Nilimpata mmoja aliyekulia kwenye stoo ya sakafu. Namtoa kwenye mchanga mzuri, anautazama kama amepelekwa ugenini, akirudi ndani anakojoa kwenye vigae. Nilifanya hivi: nililaza tambara alilokojolea kwenye kona ya ua, juu ya kipande cha tofali la saruji, nikawa namwaga mchanga kidogo kidogo juu yake kila siku. Wiki ya pili tofali lilishazama, na yeye anakwenda mchangani bila kujua amehamishwa.

Basi kazi yenyewe ni saa. Msiniulize dawa, ni saa tu. Mtoto wa mbwa ana nyakati nne ambazo huwezi kukosea: akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, na kabla ya kulala. Akimaliza kula mpe kati ya dakika 5 na 30. Katikati ya nyakati hizo kuna kipimo cha kukisia: chukua umri wake kwa miezi, ongeza moja, hizo ndizo saa anazoweza kubana akiwa ametulia. Wa miezi miwili, saa tatu, na hapo umebahatika. Akiwa anarukaruka hata dakika 20 ni nyingi.

Mimi ratiba yangu nimeitundika kwenye adhana. Simaanishi dharau, Mola aniepushe. Ni kwamba adhana ndiyo saa ambayo Tanga nzima inaisikia bila kutazama simu. Alfajiri, mtoe. Adhuhuri, alasiri, magharibi, isha, mtoe. Ila lioneni pengo lililopo kutoka alfajiri hadi adhuhuri: zaidi ya saa saba! Mtoto hawezi. Pengo hilo ndilo linalowaponza watu wa kazini. Wanaondoka saa moja asubuhi, wanarudi jioni, wanakuta ziwa, wanakasirika. Kama nyumbani hamna bibi, dada wala mtoto wa shule ya mchana wa kumtoa, usichukue mtoto wa miezi miwili. Tafuta mbwa mkubwa.

Ukimtoa, mpeleke kona ile ile, kwa njia ile ile, useme neno lile lile. Sisi tunasema "Haja." Jirani yangu anamwambia wake Kiingereza, sijui nani aliwaambia watu wa Tanga kwamba mbwa hajui Kiswahili. Lugha yoyote itafaa, alimradi nyumba nzima mseme neno moja. Baba akisema hili na watoto lile, mnampigia kelele tu. Simama kimya. Usicheze naye. Akimaliza, hapo hapo, kabla hajapiga hatua tatu, msifu na umpe kitu. Mimi natembea na dagaa nusu nusu kwenye fundo la kanga. Wajukuu wananikimbia, lakini mbwa wangu anajua kona. Tunzo ikichelewa mkafika mlangoni, umemtunza kwa kufika mlangoni.

Na akianza ndani mbele ya macho yako? Piga kofi moja la mikono yako mwenyewe, mnyanyue, mkimbize nje, akimalizia kule msifu. Ukikuta ameshafanya na ameshaondoka, umechelewa. Chukua tambara.

Dalili zake mtazijua haraka: anaacha mchezo ghafla, pua inashuka sakafuni, anazunguka, anaelekea pembeni. Usiyeweza kumwangalia, mfunge kamba nyepesi, ncha nyingine ifunge kiunoni mwako unapofanya kazi, awe karibu kama mtoto wa mbuzi. Kamba ya katani tunayo tele mkoa huu, lakini inachubua; shingoni mviringie kitambaa kwanza. Usiku mlaze kwenye kizimba, hata boksi la mbao, lenye nafasi ya kusimama, kugeuka na kujinyoosha, basi. Likiwa kubwa kama chumba atalala kona moja na kukojoa nyingine. Akilia saa nane usiku, amka. Mtoe, simama, rudi, bila mazungumzo. Ukimbembeleza, kesho atalia apate mazungumzo.

Maji msimnyime mchana, nawaomba. Nimeona watu wakimnyima ili asikojoe, na joto la hapa Februari mnalijua. Chakula ndicho cha kupanga: mara tatu au nne kwa siku, sahani ikae dakika 15 au 20 kisha iondoke. Sahani ya kushinda nje inaleta haja ya kushinda nje. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi wao, na mbwa anayeharisha hafundishiki. Hana anachokitawala.

Kuhusu kusafisha nitasema kidogo lakini mlishike. Pua ya mbwa ndiyo ramani yake. Palipobaki harufu kwake ni choo, hata kama wewe unaona panang'aa. Kausha kwanza kwa tambara, ukikandamiza bila kusugua. Osha kwa maji ya sabuni, suuza, kisha pitisha siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, paache pakauke. Dawa za sakafu zenye amonia ziepukeni, kwa pua yake zinanukia kama mkojo, unamwandikia kibao cha karibu. Na jiki msimwage juu ya mkojo mbichi. Vikikutana vinatoa hewa inayokaba kifua. Nimewahi kumkuta mama mmoja amekaa kizingitini anakohoa machozi yanamtoka, alikuwa amefunga madirisha asafishe vizuri. Sakafu ya saruji isiyosakafiwa vyema hunywa mkojo, kiangazi unadhani umeisha, masika ikifika na unyevu wake harufu inafufuka. Hapo lazima mrudie.

Masika yenyewe ni mtihani wake. Mtoto aliyefundishwa Januari kwenye jua, Aprili akiona mvua ile ya kumwaga anasimama mlangoni anakutazama: mama, wewe mwenyewe ungetoka? Weka kipande cha bati juu ya kona yake, au shika mwavuli. Watu watakucheka. Mimi wamenicheka miaka mingi.

Naam, babu? Shikamoo. Mzee wetu anauliza: mbwa wake analala nje, hana ruhusa ya kuvuka kizingiti, kwa nini apewe shule?

Swali zuri, na nyumba nyingi hapa ndivyo zilivyo. Babu, akienda anakotaka, huko anakotaka ni wapi? Ni penye mchanga laini, karibu na malazi, pasipopitwa na upepo. Yaani mlangoni, chini ya kamba ya nguo, na pale watoto wanapocheza kombolela. Haja ya mtoto wa mbwa ina mayai ya minyoo. Ipo aina ya safura ya mbwa ambayo mabuu yake hupenya mguu mtupu, yakachora mistari inayowasha chini ya ngozi ya mtoto. Ndiyo maana nasema kona moja ya ua, ikiwezekana mbali na bomba, na kijiko cha kuzolea kiwepo hapo hapo. Dawa ya minyoo anywe kila wiki mbili tangu wiki ya pili hadi ya nane, kisha kila mwezi hadi afike miezi sita. Kwenye nyumba za kupanga, ua mmoja wapangaji sita, kona hiyo ikubaliwe na wote kabla mbwa hajaja. Hilo ni la hodi tu, wala halihitaji Mwenyekiti.

Na upande wa dini, mimi si shehe, mashehe wapo hapa na watanisahihisha. Tulivyofundishwa, mbwa wa kulinda shamba, wa mifugo na wa kuwinda wameruhusiwa, na hao watu wa pangoni katika Suratul Kahf walikuwa naye, amenyoosha mikono kizingitini. Kizingitini, angalieni. Anayemfundisha mbwa wake mahali pa haja na mahali pa kulala anamrahisishia jirani yake udhu. Hapo ndipo ninaposimama, zaidi waulizeni wao.

Mengine ya haraka, jua limefika. Mtoto akianza kukojoa kidogo kidogo mara nyingi, au aliyejua akasahau ghafla, mtazameni ugonjwa wa njia ya mkojo kabla ya kutafuta fimbo. Akikojoa akilala chali unapomsalimia, huo ni unyenyekevu na woga, punguza sauti, utaisha. Akitapika na kuhara damu, huenda ni pavo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa, usisubiri kesho. Virusi vyake hukaa udongoni miezi mingi, hivyo asiyemaliza chanjo asitembezwe barabarani wala ufukweni Raskazone kunusa haja za mbwa asiowajua. Kona ya ua wenu inamtosha. Chanjo ya kichaa cha mbwa apate akifika miezi mitatu. Na msitarajie miujiza. Wengi huanza kuelewa wakiwa na miezi minne, kumwamini kabisa ngoja miezi sita, wengine mwaka. Kashata alichukua mwaka na zaidi, kwa sababu ilinibidi kwanza nimwondolee niliyomfundisha. Nilikaa naye uani usiku baada ya usiku, nimempa mgongo, nikijifanya namenya nazi, mpaka siku moja nikasikia nyuma yangu sauti ya mkojo kwenye mchanga. Sikugeuka. Nilirusha dagaa juu ya bega.

Mama aliuchukua mkeka wake akarudi nao Pangani, na kila alipokuja tena aliutandika barazani.

Nilisema nina msaidizi. Kijana, boksi linacheza hilo. Ameamka? Mtoe, mweke chini. La, usimbebe kuwaonyesha wenzako, kwanza tazama pua yake, imeshuka. Anazunguka, mnamwona? Wazee, vuteni miguu. Mpeleke nyuma ya mwembe, haraka, maswali tutajibu akirudi. Haya, haya, kimbia!